Uji wa Kumpisha Mdogo Wangu

Mimi ni mtu wa kupenda mambo yakae sawa. Blanketi nikilikunja na pembe moja ikatokeza, nalikunjua na kuanza upya. Nikimsalimu mzee na sauti ikanikwaruza, nitaibeba salamu hiyo wiki nzima, wakati mzee mwenyewe aliisahau kabla hajapita kona. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa Biblia ya mama na magazeti ya kufungia nyama, kwa hiyo hata sasa nikiandika neno rahisi natazama nyuma kama mwizi, nikingoja mtu aliyepita shule aje aniambie limepinda. Basi fikirieni aibu ya mtu wa namna hii kugundua kwamba, katika kijiji kizima, kitu kilichopinda ni yeye.

Nilikuwa nakaribia miaka kumi na tisa na nilikuwa sijatahiriwa. Kwetu msichana kama huyo anaitwa kirigu. Neno hilo watu hawalisemi, wanalitema.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa shujaa. Kweli ni kwamba mwaka wangu ulipofika, serikali ilitangaza Hali ya Hatari, ikachoma nyumba zetu na kutuhamishia kijiji kipya upande wa Ruiru. Nyumba zilipangwa kwa mistari kama kabichi, zikazungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha, na langoni wakawekwa homgadi wenye bunduki ili tusiibiwe. Ngariba wetu alibaki ng'ambo, katika kijiji chake cha kabichi. Kwa hiyo niliokolewa na serikali ya Malkia. Baba yangu walimchukua wakampeleka kizuizini, shamba walilichukua, mbuzi wakawachukua, lakini mimi wakaniacha nikiwa mzima. Bado sijapata nafasi ya kuwashukuru.

Mambo yalipolegea kidogo, ngariba akapata ruhusa ya kutembea. Nilikuwa niende pamoja na rafiki yangu. Mimi na yeye tulifanya kazi meza moja katika shamba la kahawa la mzungu, tukichambua punje zilizoanikwa: nzima zinaachwa, mbovu zinatolewa. Nilikuwa hodari katika kazi hiyo kiasi cha kuchukiza. Nyapara alikuwa akinionyesha kwa wenzangu kama mfano, na wenzangu walikuwa wakinitazama kama watu wanavyoutazama mfano. Rafiki yangu peke yake ndiye aliyecheka. "Wewe," aliniambia, "siku ya kufa utamwambia malaika mbawa zake hazilingani."

Wiki ya kwenda nilishikwa na homa. Nikaachwa. Nililia, nakiri, na sikulia kwa homa. Nililia kwa sababu mwenzangu angerudi akiwa mtu kamili na mimi ningebaki nikiwa na kasoro, na kasoro siiwezi.

Hakurudi mezani. Siku ya tatu walimpakia kwenye lori la shamba kumpeleka hospitali Thika, na kabla ya daraja la Ndarugu lori likageuza, kwa kuwa haraka ilikuwa imekwisha. Tukaambiwa amekufa kwa baridi. Ni lazima niwaeleze wageni wa sehemu zetu kwamba kwetu hakuna msichana aliyewahi kufa kwa kisu. Huyu alikufa kwa baridi. Mwingine, kabla yake, alikufa kwa jicho la jirani. Wa tatu alikunywa maziwa yaliyoharibika. Kisu kinapita pale pale, siku ile ile, kikiwa hakina habari. Na kwa wanawake wanaofia uzazini hata kisu chenyewe hakitajwi, maana hapo miaka imepita, na nani atakumbuka? Ni tabu ya wanawake. Imetoka kwa Mungu, kupitia mkono wa ngariba.

Tangu siku lori lilipogeuza, nilisema siendi. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Nilimwambia mama, aliyekuwa anamenya viazi. Mama akamenya kiazi kile mpaka kikabaki kama karanga, kisha akasema, "Nimesikia." Hilo tu.

Ningekuwa mtoto wa pekee, hadithi ingeishia hapo: mimi, kasoro yangu, na mkeka. Lakini nilikuwa na mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na mitatu, na kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Mkubwa asipotahiriwa, wa chini yake hawezi kuguswa. Kwa hiyo kukataa kwangu kulikuwa kumefunga milango miwili. Nikiwa bado nimesimama, hakuna kisu ambacho kingempita dada mkubwa kumfikia mdogo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu duniani: kusimama. Wengine wanazaliwa kuwa walimu.

Msifikiri alinishukuru. Alikuwa hawezi kunitazama. Mtoni wasichana waliokwisha kutahiriwa walimfanya achote maji mwisho, baada ya wao kuyachafua, na walikuwa na wimbo.

"Waliniimbia tena leo," aliniambia siku moja, akiweka debe chini kwa kishindo.

"Wimbo tu."

"Wimbo tu! Wewe unakaa na kahawa, kahawa haiimbi. Hujui siku zimebaki chache? Shule ikifunga Agosti wote wanaenda. Wote! Hata yule mwenye kamasi."

"Unamkumbuka rafiki yangu?"

"Alikufa kwa baridi."

"Agosti?"

"Kwani Agosti haina baridi?" Hapo hakukosea, Agosti kwetu ina baridi. "Wewe ni kama gogo lililoangukia njia. Ungekuwa gogo tungekupasua kuni, tufaidike."

Alikuwa na ulimi. Kwa sababu hiyo hasa nilitaka abaki mzima: yeye na ulimi wake na kila alichozaliwa nacho. Lakini sikumwambia. Nilimwambia debe lake linavuja upande.

Miezi michache kabla ya Agosti hiyo, ukombozi ulitujia kwa Landrova. Alikuwa mke wa ofisa fulani, amevaa kofia yenye ua, na akina mama walitolewa kwenye kazi ya lazima ya kuchimba handaki ili waje wasikie habari za uhuru wa mwili. Walikuja na majembe. Mama huyo alisimama langoni, homgadi mmoja kulia, mmoja kushoto, na handaki mgongoni, akasema kwa Kiingereza kwamba mwili wa mwanamke ni wake mwenyewe, na hakuna mtu mwenye haki ya kuukata. Kiingereza changu ni cha magazeti ya nyama, lakini hayo niliyaelewa, na nilisogea mbele nisikie zaidi.

Headmani wa kijiji ndiye aliyetafsiri. Binti yake mwenyewe alikuwa kwenye safu ya Agosti, mbele kabisa.

"Memsahib anasema," alitangaza kwa Kikuyu, "muoge."

Mama wa kofia akaendelea. Ni ukatili, alisema, hata kama ni wa kale.

"Memsahib anasema mkate kucha za watoto."

"Zote?" akauliza mwanamke mmoja wa nyuma.

"Zote. Na mchemshe maji."

Wanawake wakapiga makofi. Mama wa kofia akatabasamu, akaona kijiji kimeokoka, akapanda Landrova yake. Majembe yakarudi handakini. Na mimi nikabaki na uchungu wa ajabu: jambo la kweli nililolilalia kitandani muda mrefu lilikuwa limesemwa hadharani, lakini na mtu ambaye mume wake ndiye anayejua baba yangu amefungiwa wapi. Tangu siku hiyo, kila nilipofungua mdomo niliambiwa nimeanza kuzungumza kama wale. "Wazungu hawataki," walisema, "kwa hiyo lazima." Sijawahi kusikia hoja fupi zaidi. Mzungu ametunyang'anya mashamba, na kwa kulipiza kisasi tutawakata watoto wetu wenyewe. Bila shaka huko Nairobi gavana alikuwa hali chakula kwa hofu.

Kitu kimoja kilinishika mkono. Kipande cha gazeti kilichokuja na maini kilieleza kwamba mataifa makubwa yalikaa pamoja yakakubaliana kuwa kila mtu, popote, ana haki kwa kuzaliwa tu, na kwamba asiteswe wala kutendewa ukatili. Popote. Nilisoma neno hilo mpaka likaacha kuwa neno. Sikuona palipoandikwa "isipokuwa Ruiru". Mafuta ya maini yalikuwa yamekula sehemu iliyoeleza nani angetuletea haki hizo, na kwa njia gani, lakini nilidhani wako njiani.

Aliyefika ni shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliishi Gatuanyaga, mbele ya Thika, mahali pakavu ambapo hata mbuzi wanakohoa vumbi. Alikuwa amepata ruhusa ya kusafiri siku chache, akashuka kwa basi akiwa na kuku chini ya kwapa na uso wa mtu aliyekuja kurekebisha mambo. Nilimheshimu sana. Alikuwa mtu wa kupenda mambo yakae sawa. Ukitafuta nilikoitoa tabia yangu, usiende mbali.

"Wewe bado?" aliniuliza kabla hajakaa.

"Bado, Tata." Hivyo ndivyo tunavyomwita shangazi.

"Unangoja nini? Treni?"

"Singoji kitu."

"Ndugu yangu atatoka huko alikofungwa, aje akute mabinti wawili wakubwa kama milingoti, hakuna wa kuozeshwa. Atasema nini?"

"Baba hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hili."

"Mwanamume aseme nini? Hayo ni yetu." Akanitazama kutoka chini mpaka juu, kama mimi ninavyotazama punje. "Haya. Wewe oza. Mdogo wako atapita."

"Hawezi kunipita."

"Anaweza," alisema shangazi, akamkabidhi mama kuku. "Kuna njia."

Njia ilikuwa hii. Zamani, alieleza shangazi, mkubwa akiwa na wazimu au amepotea msituni, au ana kichwa kigumu (hapa alinitazama), ulipikwa uji wa wimbi, ukachachushwa siku kadhaa, ukatiwa kibuyuni. Mkubwa alikaa mlangoni mbele ya wanawake, akaonja kidogo, kisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiari yake, akampa mdogo amalize. Mdogo akinywa mabaki, amepishwa. Desturi hiyo ilikuwa ya kale mno hata hakuna mtu kijijini aliyewahi kuisikia, na kwa vile ilikuwa ya kale mno, hakuna aliyethubutu kuuliza. Mimi naamini ilizaliwa kwenye basi, mahali fulani kati ya Thika na Juja. Lakini shangazi aliitangaza nyumba kwa nyumba, na alisisitiza sana masharti yake, kama mtu mwangalifu: ni lazima utoke mkononi mwa mkubwa, ni lazima yabaki mabaki, na ngariba awepo ashuhudie. Kila alikopita aliongeza sharti moja. Mpaka Ijumaa ilikuwa desturi imara kweli.

Nilikataa. Shangazi alikuwa na jibu. Nisipokaa mlangoni, hakuna mwanamke atakayemsaidia mama kuchimba sehemu yake ya handaki, na mume wake hayuko. Mimi ni mwoga, na mama yangu ana mgongo mbovu. Nikasema nitakaa.

Lakini nilikuwa na mpango. Nilitunga hotuba. Niliitunga juu ya meza ya kahawa, vidole vikifanya kazi peke yake. Ilianza na rafiki yangu na lori lililogeuza. Ilipita kwenye mataifa makubwa. Katikati ilikuwa na mfano mzuri, kwamba hapa mezani punje nzima inaachwa ilivyo, na mpaka leo sijamwona mtu akikata punje nzima ili iwe nzima zaidi. Mwisho ningeweka kibuyu chini na kusema, "Simpishi." Niliisahihisha mpaka haikubaki silabi iliyolegea. Ingewaliza.

Mchana wa siku yenyewe wanawake walijaa uani kwetu. Mikusanyiko ilikuwa imekatazwa kabisa, ila headmani aligundua ghafla ana shughuli upande wa pili wa kijiji. Ngariba alikuja, bibi mdogo wa mwili, mtulivu, mwenye kikohozi, akakalishwa kwenye kigoda na kupewa ndizi. Mdogo wangu alikuwa amenyolewa nywele. Kichwa chake kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Alikuwa anatabasamu kwa meno yote, na vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la gauni.

Mama alitoka na kibuyu, akaniwekea mikononi bila kunitazama.

"Sema maneno," aliamuru shangazi. "Sema, mimi mkubwa nampisha mdogo wangu."

Nikasimama. Nikafungua mdomo. Na hotuba yangu, ile isiyo na silabi iliyolegea, ikaondoka yote, kama shuka linalochukuliwa na mto. Sikukumbuka hata neno la kwanza. Nilisikia kuku wa shangazi akiparua nyuma ya nyumba.

"Amekuwa bubu?" akauliza mtu.

"Ni haya," akasema mwingine. "Kirigu naye ana haya, jamani!" Wakacheka.

"Basi onja umpe!" shangazi akapiga makofi. "Maneno si lazima."

Hilo lilikuwa sharti la kwanza kuondolewa. Nikainua kibuyu nikaonja. Uji ulikuwa umechacha vizuri, mkali kidogo, baridi. Nikamwona mdogo wangu amenyoosha mikono, mikono yote miwili, viganja juu, kama mtoto anayengoja kipande cha muwa. Na kwa sababu sikuwa na neno hata moja kichwani, sikushusha kibuyu. Nikameza tena. Nikameza tena.

"Inatosha," alisema shangazi.

Nikaendelea.

"We! Inatosha!"

Uji ulinipita kidevuni, ukanilowesha kifua, mimi ambaye sijawahi kumwaga chai. Tumbo lilikaza kama ngoma. Shangazi alinyoosha mkono akinyang'anye, kisha mkono ukasimama hewani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameeleza nyumba kwa nyumba kwamba ni lazima kitoke mkononi mwangu kwa hiari yangu. Nikanywa mpaka kibuyu kikanguruma. Nikakipindua. Halikudondoka tone.

Wanawake wakakitazama kibuyu.

"Umekunywa yote?" aliuliza shangazi, taratibu.

"Yote, Tata."

"Yote?"

"Ulikuwa mtamu." Kisha nikateuka, kwa sauti ambayo bado naisikia nikilala.

Bibi mmoja kizee akaanza kucheka, akajaribu kuficha kwa leso, akashindwa. Ngariba alifuta mikono yake ya ndizi, akainuka.

"Mimi simkati aliyenyimwa njia," alisema. "Mna mabaki?"

"Utapikwa mwingine!" shangazi akalia.

"Wa siku ngapi? Mimi kesho niko Murera." Akakohoa, akaenda na ndizi zilizobaki. Sikumpenda kwa hilo. Najua alikokuwa anaenda, na huko kulikuwa na watoto wa watu wengine ambao dada zao walikuwa wamekaa sawa. Hilo sikuweza kulinywa.

Uji mpya haukuwahi. Ruhusa ya shangazi iliisha kabla wimbi halijachacha. Alipopanda basi aliniambia sitaolewa, sitazikwa na watu, na kwamba nilikula kama fisi. Hilo la fisi ndilo lililoniuma.

Mdogo wangu aliacha kuzungumza nami. Alikula kwa bakuli lake, akaligeuzia mgongo jiko. Nywele zilipoanza kuota alizifunika kwa kitambaa, na mtoni wakaongeza ubeti kwenye wimbo, wenye uji ndani yake. Mimi nilijiambia kwamba afadhali aishi akinichukia. Ni sentensi nzuri sana. Jaribu kuishi nayo katika chumba kimoja.

Shule ilipofunguliwa, alirudi akiwa na kitambaa kichwani na ulimi uliofungwa. Msichana aliyekaa naye dawati moja, yule mwenye kamasi, hakurudi. Nilidhani ni baridi. Moyo wangu uligeuka kama lile lori. Lakini alikuwa hai. Alikuwa amekamilika, hivyo alikuwa ameposwa, na mwanamume mmoja wa Ngoliba, mwenye wake wengi na meno machache. Mdogo wangu alimkuta njiani amebeba kuni, wakasimama. Alirudi nyumbani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hakusema waliongea nini, na mimi, kwa mara moja maishani, sikusahihisha jambo.

Sasa Agosti nyingine inakaribia. Siku moja juma lililopita mama alikuwa anapepeta wimbi, nami naipanga upya rafu ambayo hakuna mtu aliyeichafua.

"Shangazi yako ametuma salamu," alisema. "Atakuja."

Mama akaendelea kupepeta.

"Kile kibuyu," alisema, "mwaka jana nilitia nusu."

Nikamtazama. Mama yangu hajawahi kutia kitu nusu. Akimpa mgeni chai, kikombe hakibebeki. Tangu mwaka jana nimekuwa nikitembea kijijini nikidhani tumbo langu ni la ajabu.

"Nusu itakutosha?" aliuliza.

"Sijui kama atarudia uji, maitu. Pengine atakuja na desturi nyingine ya kale."

"Atarudia. Ameshatangaza."

Kutoka pembeni, nyuma ya bakuli lake, mdogo wangu akazungumza nami kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Hakugeuza uso.

"Jaza tu," alimwambia mama. "Akishindwa kumaliza, mabaki ni ya kuku."